Kliniki ya mkoba, timu yenye mratibu au washauri wa jamii: mfumo upi wa huduma ya afya ya akili unakifaa kituo chako?

Mganga mfawidhi anayeamua kwamba kituo chake hakitaendelea kumpima malaria kwa mara ya tano mama ambaye tatizo lake ni sonona anakuwa amemaliza sehemu rahisi ya uamuzi. Sehemu iliyobaki ni kuamua nani atamhudumia mama huyo, kwa saa zipi, na nani atamtafuta asiporudi. Hapo ndipo wengi hukwama, kwa kuwa wizara, wafadhili na mashirika huja na mifumo tofauti, kila mmoja ukiwa na tafiti zake na watetezi wake, ilhali kituo chenye matabibu wawili, wauguzi wanne na chumba kimoja cha ziada ambacho pia ni stoo ya vyandarua hakiwezi kuanzisha yote kwa pamoja.

Ulinganisho huu umeandikwa kwa ajili ya walio katika nafasi hiyo: waganga wafawidhi, waratibu wa afya ya akili wa halmashauri na kaunti, hospitali za misheni, na mashirika yanayofanya kazi vijijini au kwenye mitaa ya watu wa kipato cha chini. Mifumo inayolinganishwa ni mitatu. Wa kwanza ni huduma ya mkoba, ambapo mtaalamu wa magonjwa ya akili, mara nyingi muuguzi aliyesomea fani hiyo, huja kituoni kwa siku maalumu. Wa pili ni timu yenye mratibu wa matunzo, ambapo tabibu wa kituo hutibu, mratibu hufuatilia kila mgonjwa kwa daftari, na daktari bingwa hushauri akiwa mbali. Wa tatu ni washauri wa jamii, yaani watu wasio na taaluma ya tiba waliofundishwa njia fupi ya ushauri na wanaofanya kazi chini ya usimamizi wa kituo.

Sikuuweka mfumo wa nne, ingawa ndio unaoonekana mara nyingi zaidi: kuwafundisha watumishi kwa siku chache na kuwarudisha kazini. Mwongozo unaotumika kwenye mafunzo hayo ni mzuri. Shirika la Afya Duniani lilianzisha mwaka 2008 mpango wa mhGAP, wa kupanua huduma ya afya ya akili kwenye vituo visivyo na wataalamu wa fani hiyo, likatoa kitabu chake cha mwongozo mwaka 2010 na kukihuisha mwaka 2016, na mifumo yote mitatu hapa inautegemea kwa namna moja au nyingine. Lakini mafunzo peke yake hayagawi kazi. Muuguzi aliyefundishwa akipata uhamisho, huduma huondoka naye kwenye basi lilelile.

Vigezo vya kulinganisha

Kigezo cha kwanza ni aina ya ugonjwa. Wengi wanaofika zahanati wakiwa na tatizo la akili wana sonona au wasiwasi, nao huja na malalamiko ya mwili: kichwa kisichopona, moyo kwenda mbio, kifua kubana, usingizi kukatika saa nane za usiku. Wachache wana saikosisi (kusikia sauti zisizokuwepo au kuamini yasiyo kweli) au baipola (hisia zinazopanda na kushuka kupita kiasi), na hao ndio ambao ndugu huwaleta wakiwa wamewashika mikono. Kuna pia wenye kifafa, ambao kwa mazoea ya hospitali zetu huhudumiwa kwenye kliniki hiyohiyo. Hakuna mfumo unaoyabeba makundi haya yote kwa uzito sawa.

Cha pili ni watu na saa za kazi, kwa maana ya saa zilizotengwa kweli. Kumwongezea muuguzi wa chanjo cheo cha pili hakumpi saa za pili.

Cha tatu ni asiyerudi, nacho kwa maoni yangu ndicho kinachostahili kuulizwa kabla ya vingine vyote. Dawa za sonona huchukua takriban wiki nne hadi sita kuonyesha nafuu ya kutosha, wakati kinywa kukauka, kichefuchefu au usingizi mzito huanza ndani ya siku za kwanza. Mgonjwa kwa hiyo huonja adha kabla ya faida, na aliye katika wiki ya pili ana kila sababu ya kuacha. Hata akipata nafuu, mwongozo wa mhGAP unataka aendelee na dawa kwa miezi 9 hadi 12 zaidi, na wengi huziacha pale wanapojisikia vizuri. Vituo vyetu vinalifahamu tatizo hili kutokana na kifua kikuu na kliniki za tiba na matunzo za VVU, ambako kuna orodha ya watoro na mtu wa kuwapigia simu au kuwafuata nyumbani. Kwenye afya ya akili, mara nyingi orodha hiyo haipo.

Cha nne ni mtaalamu aliye nyuma: ni nani, anapatikana kwa njia gani, na mara ngapi. Cha tano ni fedha na dawa, kwa sababu kila mfumo una gharama zake zisizoandikwa kwenye andiko la mradi.

Huduma ya mkoba

*Aina ya ugonjwa.* Mfumo huu ni wa zamani kuliko mingine katika ukanda wetu. Tanzania ilianza kupeleka huduma ya afya ya akili kwenye ngazi ya msingi mwanzoni mwa miaka ya 1980, ikianzia mikoa ya Morogoro na Kilimanjaro, na tangu wakati huo mtaalamu anayezunguka amekuwa sura inayofahamika. Nguvu yake iko kwenye magonjwa makali na kifafa. Sindano ya fluphenazine, ile inayochomwa takriban kila baada ya wiki nne, inaoana vizuri na ziara ya mara moja kwa mwezi. Mgonjwa wa saikosisi aliyetulia kwa sindano hiyo haombi mengi zaidi ya kuchomwa kwa wakati, kuangaliwa madhara ya dawa, na mlezi wake kusikilizwa. Kwa familia isiyo na nauli ya kufika hospitali za akili za Mirembe, Mathari au Butabika, ziara hiyo ndiyo tofauti kati ya mgonjwa anayelima na mgonjwa aliyefungwa kamba. Kwa sonona na wasiwasi, hata hivyo, mwezi mzima ni muda mrefu mno kati ya mazungumzo mawili.

*Watu na saa.* Kituo hakihitaji mtumishi mpya, na hilo ndilo linalowavutia viongozi wengi. Gharama yake hujificha kwenye tabia: watumishi huzoea kwamba "wale ni wagonjwa wa Jumanne ya pili", na mtu anayekuja Alhamisi akiwa amechanganyikiwa huambiwa asubiri siku ya mtaalamu. Mfumo uliokusudiwa kusogeza huduma unaweza kuwaondolea matabibu wa kituo wajibu waliokuwa nao hapo awali.

*Asiyerudi.* Huu ni udhaifu mkubwa. Mtaalamu akifika huona waliopo. Wasiokuwepo huwajua tu kama amebeba kadi zao na anazihesabu jioni, jambo ambalo mwenye gari linalomsubiri halifanyi. Mgonjwa akikosa ziara moja, anayefuata kumwona atamwona baada ya wiki nane.

*Mtaalamu aliye nyuma.* Hapa mfumo huu hauna mpinzani, kwa kuwa mtaalamu hayuko nyuma. Amekaa mbele ya mgonjwa. Anaweza kutofautisha saikosisi na degedege, kubadilisha dawa siku hiyohiyo na kuwafundisha matabibu kwa kuwaonyesha. Ni muhimu kuongeza kwamba uwepo wake si sharti kwa kila mgonjwa mkali. Jaribio lililofanyika vijijini nchini Ethiopia na kuchapishwa mwaka 2022 liliwalinganisha watu wenye magonjwa makali ya akili waliohudumiwa na watumishi wa kawaida wa vituo vya afya na wale waliohudumiwa na wauguzi wa magonjwa ya akili hospitalini. Baada ya mwaka mmoja, hali ya kundi la kwanza haikuwa duni kuliko ya kundi la pili. Watumishi hao walikuwa wakisimamiwa, lakini matokeo yanatosha kumfanya mtaalamu wa mkoba ajione kama mwalimu zaidi ya mchomaji sindano.

*Fedha na dawa.* Mafuta, gari na posho. Vyote vitatu hupungua mwishoni mwa mwaka wa fedha, na kliniki hukatika bila taarifa. Dawa zinazobebwa kwenye mkoba ni za uhakika siku ya ziara, ila kituo chenyewe kisipoagiza za kwake, mgonjwa hana pa kukimbilia katikati ya mwezi.

Unafaa pale penye wagonjwa wachache wenye magonjwa makali, umbali mrefu hadi hospitali, na wilaya yenye gari linalotegemewa.

Timu yenye mratibu wa matunzo

*Aina ya ugonjwa.* Mfumo huu ulikuzwa Seattle, Marekani, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, miongoni mwao Wayne Katon na Jürgen Unützer, na ushahidi wake mkubwa uko kwenye sonona na wasiwasi. Jaribio lake maarufu, lililochapishwa mwaka 2002, lilihusisha wazee 1,801 katika vituo 18 vya huduma ya msingi vya majimbo matano; baada ya mwaka mmoja, asilimia 45 ya waliohudumiwa na timu walikuwa wamepungukiwa na angalau nusu ya dalili zao, wakati kwa waliopata huduma ya kawaida ilikuwa asilimia 19. Mapitio ya mwaka 2012 yalikusanya majaribio 79 yenye washiriki zaidi ya 24,000 na kuonyesha mwelekeo uleule. Sehemu kubwa ya majaribio hayo ilitoka nchi tajiri, na msomaji wa Tandahimba au Turkana ana haki ya kulizingatia hilo. India ilitoa jibu la kiasi: jaribio la Goa lililochapishwa mwaka 2010 lilitumia washauri wasio na taaluma kama waratibu ndani ya timu yenye daktari wa kituo na bingwa, na kwenye vituo vya umma waliopona baada ya miezi sita walikuwa takriban asilimia 66 dhidi ya 42. Kwenye kliniki za binafsi faida hiyo haikuonekana.

*Watu na saa.* Moyo wa mfumo ni mratibu, ambaye anaweza kuwa muuguzi, ofisa ustawi wa jamii au mshauri. Marekani mratibu wa kutwa huwa na wagonjwa kati ya 50 na 100. Hapa kwetu nusu ya muda wa mtu mmoja ingetosha kuanzia, mradi nusu hiyo iandikwe kwenye ratiba ya zamu na isiliwe na wodi ya wazazi kila msongamano unapotokea. Mratibu anayeitwa kila saa kwenda kusaidia dirisha la dawa si mratibu.

*Asiyerudi.* Hapa inafaa kukaa kidogo, kwa kuwa ndiko mfumo unakojitofautisha. Mratibu ana daftari lenye mstari mmoja kwa kila mgonjwa: namba ya kadi, tarehe ya kuanza, alama za dodoso la PHQ-9 siku ya kwanza, alama za mwisho, tarehe ya mwisho kuonana, dawa na dozi, na hatua inayofuata. Dodoso hilo, linalopima uzito wa sonona, lina maswali tisa, alama zake huanzia 0 hadi 27, na liko kwa Kiswahili. Tuseme mstari mmoja unaonyesha 17 mwanzoni, 16 wiki ya nne, 16 wiki ya nane, na dozi ya amitriptyline, dawa yake ya sonona, haijabadilika. Kwenye kliniki ya kawaida mgonjwa huyu angepewa dawa zilezile kwa mwezi mwingine, kwa kuwa kila tabibu anayemwona humwona kwa mara ya kwanza. Kwenye timu, mstari huo husomwa kwa sauti kwenye kikao cha wiki, na mtu hulazimika kujibu: dozi ni ndogo, dawa hazimezwi, au nyumbani kuna jambo ambalo hakuna aliyeliuliza? Mstari ambao tarehe yake ya mwisho imepita wiki tatu husomwa vilevile, na mratibu hutoka kikaoni akiwa na majina ya kuyatafuta.

Hata wenye mfumo huu walijifunza kwamba daftari lisiposomwa halisaidii. Kwenye vituo vya watu maskini jimboni Washington, ambako mpango wa namna hii ulianza mwaka 2008, sehemu ya malipo ilipofungamanishwa na vipimo kama vile kumfuatilia mgonjwa kwa wakati na kumjadili asiyepata nafuu, muda wa kati wa kufikia nafuu ulishuka kutoka takriban wiki 64 hadi 25. Timu zilikuwa zilezile kabla na baada.

Kuhusu simu, tahadhari moja. Wateja wengi wa vijijini hutumia simu ya mume, kaka au jirani, na ujumbe unaosema "umekosa kliniki ya akili" unaweza kuvunja nyumba. Namba iandikwe pamoja na maelezo ya nani anaipokea na maneno gani yamekubaliwa.

*Mtaalamu aliye nyuma.* Bingwa haonani na wagonjwa wengi. Hujadili daftari na mratibu kwa saa moja au mbili kila wiki. Kwa nchi zenye madaktari bingwa wachache wa magonjwa ya akili, hii ni matumizi mazuri ya muda wake, kwani saa moja ya simu humfikisha kwa wagonjwa ambao angehitaji siku nzima na safari kuwaona. Akikosekana, muuguzi wa magonjwa ya akili wa wilaya aliye na uzoefu anaweza kuongoza kikao na kupeleka kwa bingwa yale yanayomshinda.

*Fedha na dawa.* Gharama ni mshahara wa mratibu, muda wa maongezi na uvumilivu. Kompyuta si lazima. Dawa ni lazima, na zisikatike: mfumo unaomkumbusha mgonjwa kurudi kisha akakuta dirisha la dawa halina fluoxetine utapoteza imani yake haraka kuliko kliniki isiyomkumbusha kabisa.

Unafaa kwenye kituo chenye wagonjwa wa kutosha, watumishi wanaokaa, na mazoea ya rejista kutokana na huduma za VVU, kisukari au shinikizo la damu. Haufai pale mganga mfawidhi hayuko tayari kumwachia mtu mmoja saa zake.

Washauri wa jamii

*Aina ya ugonjwa.* Mfumo huu ni kwa sonona na wasiwasi wa kiwango cha chini hadi cha kati, na kwa matatizo ya maisha yanayozaa hali hizo: madeni, ndoa, msiba, ukimwi ndani ya nyumba. Mfano unaojulikana zaidi ni Friendship Bench ya Zimbabwe, iliyoanzishwa na daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda mwaka 2006 akiwa na bibi 14 wa Mbare, Harare. Mshauri hukaa na mteja kwenye benchi nje ya kliniki, wanapanga matatizo, wanachagua moja, wanalitafutia hatua inayowezekana wiki hiyo, na baada ya vikao vichache mteja hukaribishwa kwenye kikundi cha wenzake. Jaribio lake lilichapishwa mwaka 2016 likiwa na washiriki 573 kutoka kliniki 24. Baada ya miezi sita wastani wa alama za dalili, kwa dodoso la maswali 14, ulikuwa 3.81 kwa waliopitia benchi na 8.90 kwa wenzao. Mfumo huo umefika Malawi na Zanzibar. Uganda ina historia yake: mwaka 2003 yalichapishwa matokeo ya tiba ya vikundi iliyofanywa vijijini Masaka na Rakai, ambako waliokuwa na sonona kwenye vikundi walishuka kutoka asilimia 86 hadi 6.5, na kwenye vijiji vya kulinganisha kutoka 94 hadi 54.7.

Haki inadai kutaja upande wa pili. Jaribio la Khayelitsha, Afrika Kusini, lililotumia wahudumu wa jamii kuwashauri wajawazito wenye sonona na kuchapishwa mwaka 2020, halikuonyesha tofauti ya maana na kundi la kulinganisha. Kuiga benchi na kuacha mafunzo, muda na usimamizi vilivyoizunguka si kuiga mfumo.

Kwa saikosisi, baipola na kifafa washauri hutambua, hutoa rufaa na humsindikiza mlezi, hawatibu.

*Watu na saa.* Watu wapo. Kenya ilizindua mwaka 2023 mpango wa wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000, na Tanzania ilizindua Januari 2024 mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii zaidi ya 137,000 ndani ya miaka mitano. Hatari ni kuwageuza punda wa kila mradi. Mhudumu mwenye kaya za kutembelea, watoto wa kupima lishe na vyandarua vya kugawa hawezi kukaa na mtu mmoja dakika 45 bila kutazama saa. Afadhali wachache waliochaguliwa kwa sababu watu tayari huwaendea, wawe wahudumu au la.

*Asiyerudi.* Mshauri anaishi palepale, hivyo kumjua asiyekuja ni rahisi kuliko katika mfumo wowote. Lakini ukaribu huohuo ni mashaka. Mama aliyepigwa na mumewe hatamweleza mshauri ambaye ni shemeji wa mume huyo, na mtaa mzima hujua maana ya kukaa kwenye benchi iliyowekwa mbele ya foleni ya dawa. Mteja apewe ruhusa ya kuchagua mshauri wa mtaa mwingine, na benchi iwekwe mahali panapoonekana bila kusikika, jambo ambalo wengi hulipuuza siku ya kupokea fundi seremala.

*Mtaalamu aliye nyuma.* Anahitajika zaidi kuliko wengi wanavyodhani. Mshauri asiye na mtu wa kumweleza aliyoyasikia huchoka, au huanza kutoa mawaidha badala ya kusikiliza, au humbakiza mtu anayetaka kujiua kwa kuamini maombi yatatosha. Kikao cha usimamizi cha kila wiki au kila wiki mbili ni sehemu ya tiba yenyewe, si fadhila ya mradi.

*Fedha na dawa.* Dawa ni kidogo. Posho ndiyo mgogoro. Kujitolea kunakopongezwa kwenye hotuba huisha msimu wa kilimo unapoanza, na bajeti isiyo na posho ni bajeti ya miezi sita tu.

Unafaa kwenye mitaa yenye watu wengi, kambi za wakimbizi, na maeneo ambako watu huogopa kuonekana kwenye kliniki ya akili lakini hawaogopi kukaa na bibi. Mpango wa ushauri wa vikao vitano wa Shirika la Afya Duniani uitwao PM+, uliojaribiwa pembezoni mwa Nairobi kwa wanawake waliopitia ukatili, ni njia mbadala kwa wasiotaka kuanzia na benchi.

Kuchagua kulingana na hali

Kama daftari la wagonjwa wa nje linaonyesha kwamba wengi wa wagonjwa wako wa akili wana saikosisi au kifafa, na hospitali ya wilaya iko safari ya nusu siku, anza na huduma ya mkoba. Iwekee masharti mawili tangu mwanzo: orodha ya wagonjwa ibaki kituoni na mtumishi mmoja awe mwenye nayo, na tabibu wa kituo akae na mtaalamu katika kila ziara ili sindano iweze kuchomwa hata gari lisipofika.

Kama una kliniki ya VVU au ya kisukari inayofanya kazi vizuri, timu yenye mratibu itakugharimu kidogo kuliko inavyoonekana, kwa kuwa rejista, chumba na desturi ya kuwatafuta watoro vipo tayari. Anza na wateja wa kliniki hiyo peke yao. Nakala ya daftari la watoro wa VVU ikiwa na safu mbili zaidi, moja ya alama na nyingine ya hatua inayofuata, inatosha kwa miezi ya kwanza.

Kama foleni ya wagonjwa wa nje imefurika, na matabibu wanakubali kwamba wengi wa wanaorudi na vichwa na vifua wana shida za maisha, washauri wa jamii watapunguza mzigo kuliko mfumo mwingine wowote, mradi yupo muuguzi mmoja mwenye saa za kuwasimamia. Asipopatikana, ahirisha.

Hospitali ya misheni au shirika lenye bajeti ya miaka mitatu linaweza kufikiria kuchanganya, kama Goa walivyofanya: mshauri wa jamii awe ndiye mratibu, tabibu aandike dawa pale zinapohitajika, na bingwa asikilize daftari kwa simu. Utaratibu wa kujenga ndio unaoamua. Waliofanikiwa kuanzia na daftari huweza kuongeza washauri baadaye. Walioanza na washauri thelathini wasio na daftari huwa na kazi kubwa kujua walimhudumia nani.

Ipo pia hali ambayo hakuna mfumo kati ya hii unaofaa kuanza mwezi huu. Ni kituo ambacho dawa za msingi za akili hazijafika kwa muda mrefu, na ambacho hakijui kitampeleka wapi usiku mtu anayesema anataka kufa. Swali la tisa la PHQ-9 linauliza juu ya mawazo hayo moja kwa moja, na majibu yatakuja, hasa pale watu wanapoanza kumwamini anayeuliza. Wengine bado watasita kwa kuogopa polisi, hata Kenya ambako Mahakama Kuu ilitangaza Januari 2025 kwamba kuadhibu jaribio la kujiua ni kinyume cha Katiba. Kituo cha namna hiyo kianze na mambo manne: oda ya dawa mbili au tatu kutoka bohari, namba ya simu ya mratibu wa wilaya anayepokea usiku, makubaliano ya gari la kumpeleka mgonjwa, na jina la mtumishi atakayekaa naye hadi gari lifike. Hayo yakishafanya kazi kwa miezi michache, ndipo uchaguzi kati ya mifumo hii mitatu uwekwe kwenye ajenda ya kikao cha kamati ya kituo.